Nilikuwa Nawafundisha Dopamini, Kumbe Sijui Kitu

Wale mmekuwa nami tangu mwaka jana mnakumbuka niliahidi video ya kufunga dopamini. Siku saba bila simu, bila sukari, bila muziki, halafu ubongo unarudi kama mpya. Nilikuwa nimeandika maneno yote, nimepanga taa, hata picha ya mbele nilikuwa nimeitengeneza: mimi nimeshika kichwa, na mshale mwekundu. Video haikutoka. Wengi mmeniuliza ilienda wapi, na mimi nimekuwa nikiwazungusha. Leo wacha niseme.

Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa tano, ile mvua ya kuanza alfajiri na kukataa kuisha. Mimi mchana huwa niko ofisi moja Upper Hill, kwenye yale maghorofa ya vioo, na jioni ndio nashughulika na mambo yangu ya video. Nakaa na dadangu mdogo. Ana miaka 19, anasoma chuo. Usiku wa Jumatano alikuwa amekula kitu kikamkataa, akatapika mpaka hakuna kitu cha kutapika, anatoa nyongo tu. Asubuhi nikampeleka kliniki moja ndogo karibu na kwetu. Sitaitaja, maana sikuja hapa kumwanika mtu. Akadungwa sindano moja, akapewa kibahasha cha vidonge vyeupe. Juu ya bahasha imeandikwa kwa kalamu: 1x3. Basi. Tuliambiwa ni ya kutapika. Jina la dawa hatukuambiwa, na ukweli ni kwamba hatukuuliza pia. Nani huuliza?

Kutapika kulikoma. Saa nane mchana nikampigia simu kumkumbusha kidonge, akameza. Nikajiona kaka wa maana.

Saa moja jioni nilikuwa mbele ya kamera. Nakumbuka hata sentensi niliyokuwa nasema: "Dopamini ndiyo homoni ya raha." Hapo ndipo nikasikia dadangu akiniita kutoka chumbani kwa sauti ambayo si yake. Ulimi ulikuwa mzito, kama mtu ametoka kung'olewa jino. Nilipoingia nilimkuta amekaa kitandani, shingo imepinda kabisa upande wa bega la kushoto, taya limekaza, na macho yametazama juu kwenye dari, hayashuki. Ananisikia. Anajibu. Lakini shingo hairudi. Nilijaribu kuigeuza polepole akalia kwa uchungu.

Jirani yetu, mama mmoja wa kanisa ambaye ni mtu mzuri sana, alikuja mbio aliposikia kelele. Alipoona yale macho akarudi nyuma hatua mbili, akaanza kuomba kwa sauti. Akaniambia, "Mwanangu, hii si ya hospitali. Hii mwite mchungaji."

Na mimi nilifanya nini? Nilitoa simu nikaanza kurekodi. Mkono ulienda mfukoni kabla haujaenda kwake. Nilirekodi sekunde arobaini. Na kwa kuwa nimesema leo ni ukweli, acha niumalize: kwenye sekunde ya kumi hivi, kuna sehemu ya kichwa changu iliyokuwa tayari inatafuta kichwa cha habari.

Halafu akasema, kwa meno yaliyofungana, "Naogopa." Hapo ndipo nilizima.

Tulipata teksi. Ukipanda Upper Hill usiku wa mvua, ule mnara wa Britam unauona kwa mbali, ncha yake imeingia kwenye mawingu. Nilikuwa nautazama nikifikiria kitu kimoja cha ajabu. Hiki kilima ndicho kilima cha afya cha nchi hii. Wizara ya Afya iko hapo Afya House. Hospitali ya Kenyatta iko hapo. KEMRI iko mwendo mfupi tu upande wa Mbagathi. Mimi nimepita hapa kila siku ya kazi kwa miaka miwili, na sijui dawa niliyomkumbusha dadangu kumeza saa nane inaitwaje.

Tulifika hospitali, na kama mnavyojua mambo yalivyo, tulipofika tu shingo ikalegea. Akaweza kuangalia mbele. Sasa tumekaa kwenye foleni, msichana anaonekana mzima, amechoka tu, na mimi nina hadithi ya kusimulia ambayo hata mimi mwenyewe naisikia haina kichwa wala miguu. Mtu mmoja nyuma yetu akasema, si kwa ubaya, "Hawa wa chuo, ni mitihani hiyo." Nikaona dadangu akiinamisha uso. Hiyo ilimuuma kuliko shingo.

Daktari aliyetupokea alikuwa kijana, pengine ananizidi miaka mitatu. Nilimwonyesha zile sekunde arobaini. Hakufika mwisho. Aliuliza swali moja: "Leo amepewa dawa ya kutapika?"

Nikatoa bahasha. Akaimwagia vidonge mkononi, akavigeuza, akatikisa kichwa. Vidonge vyeupe, vidogo, vinafanana na vingine elfu. "Inaitwaje?" Sijui, daktari. "Sindano je?" Sijui. Tukapiga simu kliniki mara nne. Mara ya tano mtu akashika, akasema kwa wepesi kabisa: sindano na vidonge ni kitu kimoja, Plasil. Kabla sijakata simu, shingo ya dadangu ikaanza kupinda tena, taratibu, mbele ya daktari.

Akadungwa sindano nyingine, ya kupinga ile ya kwanza. Haikufika robo saa. Niliona shingo ikirudi kama mtu anayefungua skrubu iliyokazwa. Macho yakashuka. Akanitazama, akasema, "Niko na njaa." Mimi ndiye niliyelia.

Sasa, daktari alipokuwa anaandika, nilimuuliza ilikuwa nini. Akajibu kama anaongea na kalamu yake: "Dawa ilizuia vipokezi vya dopamini. Ilikusudiwa tumbo, ikafika na ubongo."

Dopamini. Tumboni. Nilikuwa na kurasa sita nyumbani kuhusu dopamini, na hakuna mahali nilipokuwa nimeandika neno tumbo.

Basi nikaenda kusoma, na hapa ndipo nataka mkae na mimi kidogo, maana hii kitu ni tamu ukiielewa.

Kwanza, dopamini si ya ubongo peke yake. Watafiti wamekadiria kwamba karibu nusu ya dopamini yote mwilini inatengenezwa kwenye viungo vya tumboni. Na hiyo ya tumboni haipandi kwenda kukufurahisha kichwani, kwa sababu kati ya damu na ubongo kuna ukuta, na dopamini haipiti ukuta huo. Kila upande una yake. Figo zinaitumia kusaidia kutoa chumvi. Wodi za wagonjwa mahututi huwa nayo ya kuwekea mgonjwa kwenye dripu ili kuinua presha, na hakuna mgonjwa anayeamka akicheka.

Pili, dopamini yenyewe ni kama ufunguo, na kazi yake inategemea mlango ulioufungua. Hiyo milango ndiyo vipokezi. Kuna aina tano zinazojulikana, D1 mpaka D5. Kwenye kuta za tumbo na utumbo, kile cha D2 kinafanya kazi ya breki. Tumbo lako linasukuma chakula kwenda chini kwa sababu neva zinamwaga kemikali inayoitwa asetilikolini, inayoiambia misuli ya tumbo ikaze na kusukuma. Dopamini ikigusa D2 pale, inapunguza ile asetilikolini. Tumbo linapoa, chakula kinakaa. Ukikiziba kipokezi hicho kwa dawa, umeachilia breki, na tumbo linaanza kusukuma tena.

Tatu, na hii ndiyo iliyoniua: kuna sehemu ndogo chini ya ubongo, upande wa nyuma, ambayo ule ukuta niliotaja haujaifunika vizuri. Iko hivyo kwa sababu nzuri. Kazi yake ni kuonja damu. Ikionja sumu, inapiga kengele, unatapika. Na sehemu hiyo imejaa vipokezi vya dopamini. Kuna dawa inaitwa apomofini, inafungua vipokezi vile vile vya D2, na madaktari wa mifugo wameitumia kwa mbwa aliyekula sumu. Sasa fikiria. Kama dopamini ingekuwa raha tupu, yule mbwa angetikisa mkia. Mbwa anatapika.

Kwa hiyo ile Plasil, ambayo jina lake la kitaalamu ni metoklopramidi, inafanya mambo mawili mazuri kwa mpigo. Inaachilia breki ya tumbo na inanyamazisha kengele ya kutapika. Ni dawa ya tangu miaka ya 1960, ilitengenezwa Ufaransa, imesaidia mamilioni ya watu. Sijaja kuwaambia ni mbaya. Shida yake ni kwamba ule ukuta wa ubongo inaupita. Ikiingia ndani inaziba D2 za sehemu inayoongoza misuli, na hapo shingo inaweza kupinda, taya likafunga, macho yakapanda. Haimpati kila mtu. Ila inawapata zaidi vijana na watoto, wasichana kuliko wavulana, na mara nyingi ndani ya siku moja au mbili za kwanza. Dadangu alikuwa ametimiza kila kigezo, na dozi mbili juu.

Na si siri ya madaktari wachache. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo zito kwenye dawa hii, kwamba ikitumika kwa muda mrefu inaweza kuacha mtu na miondoko ya uso na ulimi ambayo haiishi. Mwaka 2013 shirika la dawa la Ulaya likasema isitumike zaidi ya siku tano, na mtu mzima asizidishe miligramu 30 kwa siku. Kuna ndugu yake, domperidoni, Motilium wengine wanaijua, ambayo inafanya kazi ile ile tumboni lakini ukuta wa ubongo inaupita kwa shida sana. Msikimbilie kuinunua, tafadhali. Hiyo nayo inaweza kuvuruga mapigo ya moyo kwa baadhi ya watu, na mwaka 2014 shirika hilo hilo la Ulaya liliiwekea mipaka. Marekani haijawahi kuidhinishwa kabisa. Hakuna dawa ya bure. Kuna dawa inayokufaa, na kuna mtu wa kukuambia.

Nilipompigia mama simu kumweleza yaliyotokea, alinyamaza kwa muda mrefu. Mama huniita "baba", kwa sababu nina jina la baba yake, guka wetu. Akasema, "Baba, hebu ngoja." Nikasikia akifungua kabati. Akarudi akanisomea herufi moja moja: P, L, A, S...

Guka ana ugonjwa wa Parkinson. Mikono inatetemeka, anatembea kwa hatua fupi kama anayeogopa kuteleza. Kilichomtokea ni kwamba seli za ubongo zinazotengeneza dopamini ya kuongoza mwendo zimekuwa zikifa. Dawa yake ni levodopa, malighafi ya dopamini, ambayo yenyewe inapita ule ukuta na kugeuka dopamini ikiwa ndani. Mambo haya yalianzia kwa sungura. Mswidi mmoja, Arvid Carlsson, mwishoni mwa miaka ya 1950 aliwapa sungura dawa iliyomaliza dopamini yao wakabaki wamelala kama magunia, halafu akawadunga levodopa wakainuka na kutembea. Mwaka 2000 alipewa tuzo ya Nobel.

Lakini levodopa ina safari ndefu kabla ya kufika ubongoni. Ikipita utumbo na damu, nyingine inageuka dopamini huko huko njiani, inafika kwenye ile kengele, na mgonjwa anatapika. Ndiyo maana vidonge vyake siku hizi vinachanganywa na kabidopa, ambayo inaizuia isigeuke mapema. Hata jina la kidonge kimoja maarufu, Sinemet, limetokana na maneno ya Kilatini yenye maana ya "bila kutapika". Hata hivyo, wengine bado wanapata kichefuchefu. Guka alikuwa anapata. Na mtu mmoja mwenye nia njema kabisa kwenye duka la dawa alikuwa amempa mama vidonge vya kuzuia kutapika.

Yaani asubuhi guka anameza dawa ya kuongeza dopamini, na saa moja baadaye anameza dawa ya kuizibia mlango. Miezi minne. Na sisi tulikuwa tunasema uzee umemshika, ugonjwa umezidi, ni kumwombea tu.

Mama alivipeleka vyote kwa daktari wake wiki iliyofuata. Ile ya kutapika ikaondolewa, mpango wa dawa ukabadilishwa. Sitawadanganya kwamba guka sasa anacheza mpira. Bado anatetemeka. Lakini Desemba alitoka nje mwenyewe mpaka kwenye ng'ombe, na mama alinitumia sauti ya dakika mbili ambayo ni yeye anacheka tu.

Na msifikiri ni kwetu pekee. Tanzania, wilaya ya Hai kule Kilimanjaro, watafiti walizunguka nyumba kwa nyumba katikati ya miaka ya 2000, kwenye eneo la watu zaidi ya 160,000. Walipata wagonjwa 33 wa Parkinson, na wengi wao walikuwa hawajawahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba wanao. Walikuwa wanaishi nao tu, wanaitwa wazee. Kinachoniuma zaidi ni kwamba dawa yenyewe si ngeni kwa udongo wetu. Ule upupu ambao watoto wa shule humwagiana ili wajikune, mbegu zake zina levodopa ndani. Kabla hujaenda kuzichuma, hapana. Huwezi kupima dozi kwa kijiko. Nimeutaja tu ili ujue kwamba hii sayansi haiko mbali hivyo.

Kwa hiyo video ya kufunga dopamini imekufa. Sisemi kupunguza simu ni upuzi, hata mimi nimepunguza. Lakini kusema unafunga dopamini ni kama kusema unafunga damu. Ukiifunga kweli, huinuki kitandani kama wale sungura. Nilichukua kemikali inayosukuma githeri tumboni, inayotembeza mguu wa guka, inayomtapisha mbwa, nikaigeuza kuwa hadithi ya raha na dhambi kwa sababu hadithi hiyo inauza. Kiswahili chetu chenyewe kilikuwa kinajua zaidi yangu. Mtu akiwa na wasiwasi tunasema ana tumbo joto. Hatusemi ubongo joto.

Ninachowaomba ni kidogo. Ukipewa dawa, uliza inaitwaje, na usiondoke mpaka jina liandikwe kwenye bahasha, si 1x3 pekee. Kama unauza dawa na unanisoma, liandike hata kama sijauliza. Kama kwenu kuna mzee anayetetemeka, mwambie kila anayempa dawa ya tumbo kwamba ana Parkinson. Na ukiona mtu shingo imepinda na macho yamepanda baada ya dawa ya kutapika, omba kama unaomba, lakini omba mkiwa njiani kwenda hospitali.

Zile sekunde arobaini bado ninazo? Hapana. Siku ya tatu nilimwonyesha dadangu. Alitazama mpaka mwisho, pamoja na lile neno la mwisho. Akaniuliza, "Hapa ulikuwa unanisaidia ama ulikuwa unarekodi?"

Nikamwambia vyote viwili. Hakucheka. Alichukua simu akaifuta mwenyewe, halafu akasema naweza kuandika, ila nisionyeshe.

Kwenye pochi yake sasa kuna kikaratasi, kimekunjwa mara mbili, nyuma ya kitambulisho. Kimeandikwa metoklopramidi, na chini yake: nisipewe. Aliandika mwenyewe, kwa herufi kubwa.